Mabuti Yasiyouma

Sesfontein, 3 Machi 2003

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mbuzi wako na yule punda asiyesikia la mtu. Huku kaskazini mimi sijambo, ila joto linatuchemsha.

Baba, kazi nimepata. Sasa ni askari wa wanyamapori katika hifadhi ya kijiji, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Kutwa tunatembea kutafuta nyayo za vifaru na tembo, na msimu wa kuwinda ukifika tunawaongoza wenye vibali. Tatizo ni miguu. Mabuti niliyonunua dukani Opuwo yameachama kabla sijapokea hata mshahara. Soli inapiga makofi nikitembea, na wenzangu wameshanipa jina, wananiita Mama Bata.

Niambie ninunue yapi. Yale ya jeshi, au yale ya kijani yenye kamba ndefu? Ningepiga simu dukani kwa mzee Apollus, lakini najua unavyoichukia simu.

Binti yako,
Magrieta


Berseba, 21 Machi 2003

Magrieta mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeichukua dukani kwa Apollus. Akataka kunisomea, nikamwambia toa mkono wako hapo, macho ninayo na kusoma najua. Na hii naiandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Ukiona herufi zimelala ujue meza ndiyo mbovu. Mimi afya ninayo, ni kiu tu, nakunywa maji kama punda aliyetoka safari halafu nakwenda kichakani kila mara kama mbuzi jike. Ni joto hilo.

Nimesikitika. Binti wa Timotheus Kooper anavaa mabuti ya dukani. Watu wakisikia nitauficha wapi uso wangu? Kutoka hapa mpaka Mto wa Samaki hakuna mguu wa mwanaume ambao sijauvalisha. Bwana Kobus wa shambani ana mabuti kutoka Ujerumani, yanang'aa kama kinanda cha kanisani, lakini siku ya kumfuata tandala kwenye mawe anavaa ya kwangu. Muulize mwenyewe.

Ya jeshi usinunue, ya kijani usiyaguse. Sikiliza. Buti huchaguliwa mnyama akiwa bado anatembea. Unataka tandala dume, mzee lakini si mkongwe, aliyepigwa wakati wa kipupwe, maana ngozi ya wakati wa mvua imelegea, inakunywa maji. Utaona makovu ya miiba. Wasiojua wanasema uchafu, mimi nayatafuta, penye kovu ngozi imeshajifunza. Kata mgongoni na matakoni. Tumbo waachie wanaoshona mikoba, ngozi ya tumbo inavutika kama ahadi za uchaguzi. Ikunje hivi, ukiona mistari myeupe imekaushwa vibaya, weka chini. Inuse. Ikinuka magome ya mgunga ni sawa, ikinuka dawa mrudishie mwenyewe. Soli iwe tairi la lori, siyo la gari dogo. Na ishonwe, isigundishwe. Gundi ni uongo unaokauka.

Na buti jipya unaliloweka, unalivaa likiwa bichi, unatembea nalo mpaka likaukie mguuni. Litakuuma. Liache likuume, ndivyo mnavyojuana. Buti lisilokuuma siku za mwanzo ni buti la mtu mwingine.

Basi nitakushonea. Kanyaga karatasi ukiwa na soksi, simama wima usiegemee ukuta, na mtu mwingine achore. Kalamu isimame, isiingie chini ya upinde wa mguu. Chora miguu yote miwili, hakuna binadamu mwenye miguu pacha.

Ni mimi baba yako,
Timotheus Kooper, mshonaji na msoma nyayo


Sesfontein, 14 Aprili 2003

Baba yangu,

Shikamoo tena. Barua yako niliisoma kwa sauti kambini na watu walicheka mpaka wakalala chini, hasa pale pa ahadi za uchaguzi.

Michoro hiyo hapo. Amechora Elifas, mkubwa wetu wa doria. Nilipomwambia kalamu isimame akaniuliza, "Mama Bata, unapimwa viatu au unapimwa jeneza?" Nikamwambia, "Chora na usipapase." Mguu wa kulia umetikisika kidogo kwenye kidole gumba kwa sababu alinitekenya.

Baba, hiyo kiu. Huku joto limeshaanza kupungua, na nadhani kwenu kusini ndiko zaidi. Bado unakunywa vile? Tangu mama atutoke hakuna wa kukutazama ila Mama Drieka wa jirani, naye unamfukuza. Pita zahanati wakupime tu. Kupimwa siyo kuumwa.

Binti yako,
Magrieta


Berseba, 19 Mei 2003

Magrieta,

Salamu kutoka kwa wote, hata punda. Mimi mzima kama jiwe. Zahanati sikupita, ukipita pale mzima unatoka mgonjwa.

Mabuti yako yamekwenda na lori la kondoo mpaka Windhoek, shangazi yako Lena atayapokea na kuyatuma. Ukiyaona usilie mbele ya watu. Nimeyashona kwa kano za choroa, yule swala wa pembe ndefu, mishono miwili miwili, na ulimi nimeushona pande zote mchanga usipate mlango.

Sasa namna ya kuyatunza, na hili usiwasomee hao wanaocheka. Kila jioni yapige vumbi, maana mchanga ukikaa kwenye mshono unasaga uzi kama meno. Yakilowa usiyaweke karibu na moto. Nasema usiyaweke. Ngozi ikiungua haikwambii, inakaa inakutazama, siku unayoihitaji inapasuka. Jaza majani makavu ndani, weka kivulini, subiri. Mafuta ni ya mkia wa kondoo, yayeyushwe bila chumvi, uchanganye na nta ya nyuki. Paka kidogo kwa kiganja siyo kwa kitambaa, ngozi inataka kiganja. Ukizidisha inaoza. Na kila jioni ingiza mkono mpaka mwisho upapase ndani. Miiba ya kwetu inapita tairi polepole, leo ncha, kesho kidole kizima.

Na sasa nikupe habari. Ngozi ilibaki nikajishonea na mimi. Nikayaloweka, nikayavaa mabichi, nikaenda nayo mpaka kwa Kobus na kurudi. Magrieta, hayakuuma. Hata kidogo. Nimeshona mabuti tangu kabla ya wewe kuzaliwa na yote yalikuwa yanauma, haya yamevalika kama yamezaliwa pamoja nami. Nikamwambia Apollus, akasema, "Mzee, hakikisha umeingiza miguu ndani." Ni wivu. Mkono wangu sasa ndio umefika mahali pake. Kuanzia leo mtu akiniletea ngozi nitamwambia asubiri foleni.

Baba yako,
Timotheus Kooper, ambaye mabuti yake hayaumi


Sesfontein, 16 Juni 2003

Baba yangu,

Shikamoo. Mabuti yamefika. Sikulia mbele ya watu, nilikwenda nyuma ya tangi la maji. Jina la Mama Bata limekufa. Elifas ameyageuza, ameyanusa, ameyakunja, sasa anataka kujua kama baba yangu anapokea kazi kutoka mbali.

Yameniuma kama mbwa wa polisi. Malengelenge kwenye visigino, kidole kidogo kimechubuka, nikawa natembea na wewe masikioni: liache likuume. Sasa yametulia, nayasahau nikiwa nimeyavaa.

Ndiyo maana sikulala vizuri kwa habari yako. Barua yako ya Machi ninayo hapa. Umeandika kwa mkono wako kwamba buti lisilouma siku za mwanzo ni buti la mtu mwingine. Baba, umri wako wote hujashona buti lisilouma. Kwa nini hili?

Nilimsomea Elifas. Hakucheka. Aliniambia mama yake alikuwa na kiu kama yako, akienda nje kila saa. Siku moja alikuwa anapika, akakanyaga kaa la moto bila kiatu, akaendelea kukoroga sufuria. Alijua kwa harufu. Alifikiri nyama inaungua.

Ni ugonjwa wa sukari, baba. Unaua miguu ikiwa bado inatembea. Nakuomba kama ninavyoomba kanisani. Vua mabuti. Mwite Mama Drieka aangalie nyayo zako, wewe huwezi kujiinamia mpaka huko. Kisha kanyaga karatasi, yeye achore, unitumie. Nataka kuiona miguu yako.

Binti yako anayekusubiri,
Magrieta


Berseba, 7 Julai 2003

Magrieta,

Salamu. Huku baridi imeshika, asubuhi maji ya mbuzi yanakuwa kioo. Mimi mzima na nina kazi. Kobus ana wageni wa kuwinda na bila mimi wangekuwa wanafuata mbwa wao wenyewe.

Sukari naitia kwenye kahawa tangu nimeota meno, haijawahi kunikosea. Lakini nimefanya ulivyotaka ili unyamaze. Nilimwita Drieka. Ameshika mguu wa kushoto, akaugeuza, akausogeza kwenye mwanga. Halafu akasema, "Timotheus, hapa naweza kuingiza kidole." Nikamwambia usiingize basi. Akasema, "Nimeshaingiza, na wewe unaendelea kuvuta kiko." Mwanamke yule anatia chumvi tangu utoto.

Ni kidonda tu. Nimekitengeneza mwenyewe, najua ngozi kuliko daktari yeyote. Nimekisafisha, nimepaka mafuta ya mkia na nta, nimekanda kwa kiganja, nimefunga. Ngozi ni ngozi, ukiilisha inafunga. Kesho yake nikavaa buti nikaenda kazini na hakuna aliyejua.

Mchoro huo hapo. Usishangae wa kushoto ulivyo mpana, mtu akizeeka miguu inajilaza. Hilo doa ni mafuta.

Baba yako,
Timotheus Kooper, bado wa kwanza mbele ya bunduki


Sesfontein, 18 Julai 2003

Baba,

Hilo si doa la mafuta. Karatasi ilikuwa imegandana, nilipoibandua ikanuka na Elifas akatoka nje. Nimeomba ruhusa, wamenipa. Usitembee. Usivae buti. Nipo njiani.

Magrieta


Berseba, 19 Agosti 2003

Magrieta mwanangu,

Nakusalimu, na natumai safari yako ya kurudi ilikuwa njema na mkubwa wako wa doria hakukugombeza. Naandika haraka kwa sababu sitaki ulisikie hili kwa Apollus. Nipo nyumbani. Nimetoka hospitali ulikonilaza.

Usitupe barua. Soma kwanza.

Nilipokuahidi kubaki sikuwa nadanganya. Ulikuwa umenikamata mkono na nilikuwa nimechoka. Tangu ile asubuhi ulipoingiza mkono wako ndani ya buti langu ukatoka na mwiba, mrefu vile, mweusi kwa damu yangu, sikuwa na la kubisha. Hukunipigia kelele. Uliuweka mezani karibu na kahawa yangu ukasema, "Baba, huu ulikuwa hapo muda mrefu." Sikukujibu. Nakujibu leo. Kila jioni nilikuwa napapasa humo ndani kama nilivyokufundisha. Nilipapasa mpaka mwisho na vidole vikaniambia hakuna kitu. Kumbe na mikono nayo imeanza kunidanganya. Hili sijamwambia mtu, hata Drieka.

Basi ulipoondoka na basi, daktari akaja. Kijana, ana adabu. Akasema, "Mzee Kooper, kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi kuna nini?"

"Tunaondoa mguu, chini ya goti. Binti yako ameshakueleza."

"Na mguu wenyewe unakwenda wapi?"

Akasema unachomwa. Nikamwambia mguu huu umemfuata chui mchana kutwa kwenye mawe matupu, wewe unauchoma kama takataka. Akaniambia nitatembea tena, kuna miguu ya plastiki mizuri siku hizi. Nikamuuliza, plastiki inahisi nini ardhini?

"Mzee, huu ulionao unahisi nini?"

Hapo alinipata. Akaona amefungua mlango, akaingia. "Usipokatwa utakufa."

"Na nikikatwa sitakufa?"

"Utakufa baadaye."

"Basi mimi na wewe tunabishania tarehe tu."

Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaenda kuwatazama wengine. Mimi nikaomba mabuti yangu nipake mafuta yasikauke. Nikayavaa chini ya shuka. Mlangoni muuguzi akaniambia, "Mzee, mabuti mazuri, nani kakushonea?" nikamwambia ni mimi. Apollus alikuwa ameleta mzigo mjini, akanipakia nyuma na magunia ya unga. Usimlaumu, nilimwambia wameniruhusu.

Mimi ni msoma nyayo, Magrieta. Mtu wa mguu mmoja hasomi nyayo, anasomewa.

Baba yako,
Timotheus Kooper


Sesfontein, 5 Septemba 2003

Baba,

Leo sina salamu. Siulizi hali yako kwa sababu naijua.

Nimesafiri kutoka juu ya nchi mpaka chini kabisa. Nimekuosha mguu huo kwa mikono hii, nikatapika nje usinione, nikarudi nikaendelea kuosha. Ukanishika mkono ukasema, "Nitabaki." Nikakuamini kama mtoto, nikapanda basi.

Kwani unaona aibu ya nini? Mtu wa mguu mmoja anashona. Ungekaa mlangoni kwangu, ngozi ningekuletea, kila jioni ningekuja na habari za nyayo nilizoziona na wewe ungenikosoa mpaka nichoke. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga, baba. Nilishampa Elifas pesa anunue mbao za kitanda chako.

Nimepiga simu kwa daktari. Amesema sasa hivi si chini ya goti tena, ni juu. Na ukingoja zaidi hakuna kitakachobaki cha kukata. Amesema nafasi ni ndogo ila ipo. Tunakuja mwisho wa mwezi, mimi na Elifas, na gari la hifadhi. Tutakubeba, utake usitake, hata kama ni kwa kukufunga kamba kama ndama.

Mama alikwenda bila kutuuliza. Wewe unaulizwa.

Magrieta


Berseba, 22 Septemba 2003

Magrieta,

Mimi nakusalimu. Salamu haiachwi, hata mtu akiwa na hasira, ulikuwa mdogo nikakufundisha hilo. Hali uliyokataa kuiuliza siyo nzuri. Naandika kidogo, napumzika, naandika. Herufi zikilala safari hii siyo meza.

Jana nilitoka kumtafuta yule mbuzi mwenye doa. Drieka alinikataza, nikasubiri aende kuchota maji. Sikumwona mbuzi. Wakati wa kurudi nikapita mkondo mkavu, na pale kwenye mchanga laini nikakuta nyayo.

Nikasimama kuzisoma. Mwanaume, mtu mzima. Amekonda hivi karibuni, maana kisigino kinacheza ndani ya buti, ukingo wa unyayo umemomonyoka. Mguu wa kulia unabeba kila kitu, umezama. Wa kushoto haukanyagi, unaburutwa, ncha imetazama nje na nyuma yake kuna mstari kama wa mkia wa mjusi. Kila kichaka anasimama. Penye jiwe amekaa, na kuinuka ameinuka kwa mikono, viganja viko pale, vidole vimetanuka. Kila palipopita mguu wa kushoto mchanga umeshikana na sisimizi wameshafika. Na juu ya nyayo zake kuna kwato za mbuzi, kwa hiyo mbuzi alikuwa nyuma yake muda wote, yeye hakusikia.

Soli niliijua tangu unyayo wa kwanza. Siwezi kutoijua soli niliyoikata kwa mkono wangu. Lakini nilizisoma mpaka mwisho kama za mtu baki, bila huruma, kazi ndivyo inavyotaka. Na sijakosea, Magrieta. Angekuwa mnyama ningemwambia Kobus aondoe risasi kwenye bunduki, haitahitajika. Hata wewe ungezisoma hivyo hivyo. Daktari anasema nafasi ipo kwa sababu hajawahi kutazama chini.

Sasa nisikilize, hili sikuwahi kukufundisha kwa sababu hukuwa na kazi hii. Tandala akipigwa vibaya, wageni wanataka kumkimbilia. Huwa nawazuia. Nawaambia kaeni chini, vuteni tumbaku. Ukimsukuma anainuka, anajikokota mpaka kwenye mawe ya mbali, anafia huko peke yake na macho wazi. Ukimwacha hendi mbali. Anatafuta kivuli, anageuza kichwa alikotoka, analala. Baadaye unakwenda polepole, huinami wala hujifichi, na yeye anakuona unavyokuja, haondoki. Nimewazuia watu wakubwa, wenye bunduki za thamani, wakanitii wote.

Mwisho wa mwezi njoo. Sikukatazi, na huyo Elifas mlete nimwone anavyokanyaga. Drieka ameshasema atachinja. Lakini gari liacheni dukani kwa Apollus, na kamba zenu na maneno ya daktari viacheni humo humo. Kutoka dukani njoo kwa miguu, bila haraka. Nitakuwa upande wa nyumba wenye kivuli.

Baba